Siku Tatu na Nusu za Kimya

Miss Audrey amekufa, na ameacha maagizo kwamba asililiwe. Mpwa wake alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa dukani kwangu Overport, nimepiga magoti mbele ya mteja napima upindo wa suruali, pini tatu mdomoni. Alizungumza kwa ile sauti ya chini ya watu wa nyumba ile, kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Shangazi ameondoka kwa amani alfajiri, saa kumi na moja, alisema. Mwili hautasogezwa kwa siku tatu na nusu, kama alivyoandika mwenyewe, na waliokuwa watu wa nyumba yake wanaombwa kwenda kukaa sebuleni kwa zamu, bila maneno, bila vilio. "Alikutaja, Godelive," akasema. "Alisema kati ya wote waliopita hapa, wewe ulielewa." Nilitoa pini mdomoni moja moja. Nikampa pole kwa sababu nimelelewa, nikakata simu, halafu nikaikata ile suruali, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifunze kushona. Mteja akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimefiwa. Akanionea huruma, nami nikazidi kukasirika, maana sikuwa nimefiwa hata kidogo. Nilikuwa nimekumbushwa.

Nina miaka arobaini na tisa. Mwaka ninaouandika hapa nilikuwa na ishirini na tatu. Habari za kwetu, tulitokaje Bujumbura na tulipita wapi mpaka kufika Durban, sitazigusa. Nimezisimulia mara nyingi mno mbele ya madirisha ya ofisi, kwa watu waliokuwa wanatazama saa, na nimezichoka. Inatosha kusema kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilipata kazi kwenye nyumba moja ya mteremkoni Overport, nyumba ya mwanamke mzee wa Kizungu aliyeishi peke yake na mbwa. Nilisafisha, nilipika, na kila Alhamisi alasiri nilitayarisha chai ya watu tisa. Watu hao walijiita Duara. Walikuja na magari yao, wakavua viatu mlangoni, wakaingia sebuleni ambako mapazia yalikuwa yamefungwa hata jua likiwaka namna gani, na kuta zilikuwa na vitabu mpaka juu. Juu ya meko ambayo haikuwahi kuwashwa, maana nani anawasha moto Durban, kulikuwa na mchoro wa mtu aliye uchi, si mwanamume wala mwanamke, amezungukwa na tabaka za rangi kama kitunguu kilichokatwa katikati. Chumba kilinuka udi na mbwa. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo, na kupitia kidirisha hicho ndipo nilipopata elimu yangu yote ya roho.

Elimu yenyewe, nikiieleza kwa haki, ilikuwa nzuri. Ndiyo maana nina hasira nayo. Mambo ya kipumbavu mtu anayacheka anayapita. Walisema roho ya mtu haiji duniani mara moja. Inavaa miili minne, mmoja ndani ya mwingine: huu wa nyama, wa pili unaoutia uhai, wa tatu wa matamanio, wa nne wa fikra. Mtu akifa anaivua mmoja mmoja, kama anayefika nyumbani kutoka kazini. Lakini kabla hajauvua ule wa pili, anaonyeshwa mkanda wa maisha yake yote, kuanzia pumzi ya mwisho kurudi nyuma mpaka siku aliyozaliwa, na mkanda huo lazima uchapwe ndani yake, maana ndio masomo atakayokwenda nayo kwenye maisha yajayo. Kazi hiyo inachukua siku tatu na nusu. Kelele za waliobaki, na hasa kilio, zinamvuta mfu ageuke nyuma, na mkanda unapauka. Walisema mambo haya yalifichwa Ulaya karne nyingi, yakanong'onwa kutoka mwalimu kwenda mwanafunzi, kwa sababu kanisa lilikuwa linawachoma wenye kuyajua. Nilisikiliza nikiwa nakata matango membamba ya kuweka kwenye mkate. Mimi ni mtoto wa misheni. Niliambiwa utotoni kwamba mtu akifa anahukumiwa, basi. Hii ya kuonyeshwa mkanda wako bila mtu kukufokea niliipenda.

Na nilinaswa kwa urahisi. Alhamisi moja Miss Audrey alinikuta nimesimama kwenye kidirisha, chai imepoa mkononi. Badala ya kunigombeza akaniita ndani, akanikalisha kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, akaniangalia muda mrefu, akawaambia wenzake, "Huyu ni roho ya zamani sana." Akafumba macho. Akasema ananiona Misri, hekaluni, natunza moto. Leo nacheka: hekaluni natunza moto, Overport natunza jiko, cheo hakijapanda kwa miaka elfu tatu. Wakati ule sikucheka. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepanga foleni ya makaratasi tangu alfajiri na kuambiwa nirudi baada ya miezi sita, na kondakta wa taxi, zile daladala za huku, alikuwa ameniita jina lile wanalotuita wageni, mbele ya abiria wote, nao wakatazama dirishani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba zamani alikuwa kuhani, atakufuata mpaka baharini. Nikaanza kukaa kwenye kile kiti kila Alhamisi, nikishamaliza kumimina chai. Nikapewa vitabu nikasome. Nikajifunza kusema polepole kama wao.

Hata maneno ambayo yangepaswa kuniamsha hayakuniamsha. Kulikuwa na mzee mmoja, Mista Colin, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, mwenye mikono mizuri na tabia ya kuondoa makombo kwenye suruali yake kila anapotaka kusema jambo kubwa. Siku moja alifuta makombo akasema hakuna anayezaliwa kwenye nchi ya vita kwa bahati mbaya. Roho inachagua kabla ya kushuka. Inachagua vita kwa sababu vita inafundisha upesi. Ni njia ya mkato. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mimi, niliyekuwa mtu pekee mle ndani aliyewahi kuona vita, nikatikisa kichwa pia, nikamwongezea chai. Ningeweza kumwambia niliyoyaona, nimuulize ni nani hasa alichagua nini. Nilimwongezea chai, na akataka sukari, nikampa.

Jioni nilirudi South Beach, ghorofa ya tisa, fleti ya chumba kimoja na sebule niliyokaa na dada yangu Spès, mumewe Déo na mtoto wao. Sebuleni ndipo nilipolala mimi. Déo alipakia makontena kwenye maghala ya Clairwood na alirudi amevimba vidole. Dada alisuka nywele za watu hapohapo nyumbani, mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Mugisha, maana yake baraka, na alikuwa na miezi minane, mnene, mwenye tabia ya kukamata sikio la mtu na kutoliachia mpaka alale. Tulikula ugali na maharage yaliyochemshwa mpaka mchuzi ukawa mzito, na Ijumaa Déo alileta vichwa vya samaki. Dada alikuwa mchokozi. Alinitania kila Alhamisi nikifungua mlango.

"Godé, wachawi wako wako wazima?"

"Si wachawi, Dada."

"Bon. Wamekula nini leo?"

"Mkate na matango."

"Matango tu? Na wana magari? Kweli roho zao ziko na njaa." Mugisha akacheka kwa sababu mama yake amecheka. Lakini nilipomsimulia habari za mkanda na miili minne, Dada alisikiliza, sindano ya kusukia imesimama hewani. Yeye hakusoma sana, na aliamini kwamba mimi niliyesoma siwezi kuletewa upuuzi.

Mwezi wa tatu, mjumbe mmoja wa Duara alifiwa na mjukuu mchanga. Alhamisi ile nilisikia Miss Audrey akimweleza. Mtoto anayekufa mdogo, alisema, ni roho ambayo kifo chake cha zamani kilivurugwa, labda kwa kilio cha jamaa zake, mkanda haukuchapwa. Kwa hiyo anashuka, anaishi kidogo, anakufa tena mapema, ili kule juu afundishwe alichokikosa. Halafu, na hapa akamshika mkono yule bibi, halafu anarudi. Upesi. Mara nyingi kwa mama yuleyule, ikiwa safari hii ataachwa kwa utulivu. Yule bibi alifuta macho akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na nilifikiri sijawahi kusikia neno jema kuliko hilo.

Mwezi uliofuata Mugisha alishikwa na homa ya mapafu. Jumatatu alikohoa, Jumanne tulimpeleka hospitali, na Jumatano saa kumi na moja alfajiri akafa. Madaktari walifanya walichoweza. Sina neno na madaktari. Dada alirudi nyumbani na kanga tupu ya kubebea, ameikunja vizuri. Hakuwa bado amelia. Alikuwa katika ile hali ambayo mtu anatazama vitu vya nyumba kimoja kimoja kama anavihesabu. Nikamwacha na Déo, nikapanda taxi kwenda Overport, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa mchungaji wala mama wa kanisa. Miss Audrey alinishika mikono yote miwili. Akaniuliza saa kamili aliyokufa mtoto. Akaandika kwenye kadi nyeupe, kwa kalamu ya wino na mwandiko mzuri sana: Jumamosi, saa kumi na moja jioni. "Mpaka hapo, mtu asilie," akasema. "Hasa mama. Mama ndiye anayesikika zaidi. Mkiweza hilo, atarudi kwake." Hakutoa machozi, hakuniuliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Lakini kadi ile niliibeba kifuani kama hati ya ukimbizi.

Nilimpa Dada kadi. Nikamwambia yote, kwa Kirundi, tumekaa kitandani, nikapunguza sauti kama nilivyofundishwa. Nikamwambia: usipolia, Mugisha atarudi kwako. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Si Miss Audrey aliyekuwa kitandani pale, wala Mista Colin na makombo yake. Dada aliniangalia usoni akaniuliza swali moja tu: "Uko na hakika?" Nikasema nina hakika. Akaitia kadi ndani ya Biblia, akafunga mdomo wake.

Kwetu, na kwa Wakongo tunaoishi nao, msiba unaanzia nje. Wanawake hawabishi hodi. Wakishuka kwenye lifti wanaanza kulia pale pale koridoni, wanalia wakija, ili mfiwa asikie kutoka mbali kwamba hayuko peke yake, na wakiingia wanamwangukia, naye analia mpaka achoke, halafu wanampa uji. Ndivyo tulivyozikana miaka yote, hata njiani, hata kambini, ambako hapakuwa na kingine cha kupeana. Saa nne asubuhi lifti ilifunguka, nikamsikia Mama Bijou, Mkongo wa Uvira aliyeuza vitenge barabarani na aliyemsaidia Dada siku ya uzazi. Alikuwa na wanawake wengine sita na sufuria kubwa la sombe, majani ya muhogo. Alikuwa ameanza kulitaja jina la mtoto. Nikatoka mbio, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasimama nimenyoosha mikono.

"Shii. Tafadhali, Mama. Msilie."

Mama Bijou alinyamaza kwa mshangao. "Godé, njo nini hii? Tunakuya kulia mutoto, weye unatuambia shii? Kwani huku iko bibliothèque, nyumba ya kusomea vitabu?"

"Daktari amesema Dada asisikie kelele. Ana presha."

"Daktari gani anakatazaka mama kulia mutoto wake?"

"Daktari wa hapa, Mama. Huku iko tofauti."

Yeye alikuwa amezika watoto watatu. "Eish," akasema, akawageukia wenzake. "Bon. Tuingie pole." Wakaingia kwa kunyata, wanawake wazito wa miaka hamsini, wameshika viatu mkononi kama wezi. Wakakaa kwenye mikeka. Walikula sombe bila neno, na ilisikika lifti ikipanda na kushuka. Wakimtazama Dada aliyekaa wima bila chozi, walitazamana wao kwa wao. Kila kikundi kilichokuja siku zile tatu nilikipokea koridoni. Niliandika karatasi, nikaibandika mlangoni: Kimya tafadhali. Mchungaji alipotaka tuimbe nilimwambia aombe kwa moyo. Nilikwenda mpaka kwa jirani wa upande wa kulia kumwomba apunguze redio. Alasiri ya Alhamisi Déo alitoka nje kwenye baraza, akainamia ukuta na mabega yake yakaanza kuruka, na mimi, nisamehewe na nani sijui, niliinuka nikaufunga mlango wa kioo ili sauti isiingie ndani.

Dada alitii. Siku ya pili hiyohiyo alikaa bafuni muda mrefu, maji yakimwagika, nikafikiri anaoga apate nguvu, nikaona vizuri. Nilijivunia, ndiyo, nilijivunia. Nilitazama saa. Jumamosi saa kumi na moja jioni nilimwendea kitandani, nikamshika bega, nikamwambia, "Dada, imetimia. Sasa unaweza kulia." Alikaa kama anayejaribu kukumbuka kitu. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga. "Siwezi tena," akasema. "Imekwenda." Tulimzika Mugisha Jumatatu bila kilio, mvua ikinyesha, na mwishoni mwa mwaka, tulipoondoa matanga, siku ambayo sisi tunaiita kuganduka, watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu Dada kwa uvumilivu wake. Alisikiliza sifa zile mikono mapajani. Mama Bijou peke yake hakumsifu, na hakuongea nami siku ile, wala baadaye.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa sita, mbwa wa Miss Audrey alikufa. Aliitwa Duchess, alikuwa mzee, macho yamefunga ukungu. Nilipofika kazini asubuhi nilimkuta Miss Audrey ameketi chini kwenye vigae vya jikoni, mbwa mapajani, analia. Simaanishi alifuta chozi. Alilia kwa kelele, kamasi zinatoka, anayumba mbele na nyuma, analiita jina la mbwa. Alilia siku mbili. Watu wa Duara walikuja na maua. Mista Colin alichimba shimo chini ya mparachichi akatokwa na machozi pia, na hakuna aliyemwambia shii. Mimi nilimimina chai. Siku ya pili, tukiwa wawili jikoni, nilimuuliza, na niliuliza kwa heshima, maana bado nilidhani kuna jibu nisilolijua: "Na mkanda wake, Miss Audrey? Siku tatu na nusu?" Akapenga kamasi kwenye taulo la vyombo, taulo nililokuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Akanieleza kwa upole wa mwalimu. Mnyama hana roho yake binafsi. Mbwa wote wana roho moja ya pamoja, iko juu kabisa. Duchess hana mkanda. "Kwa hiyo yeye naweza kumlilia," akasema, "haimdhuru." Akanishukuru kwa swali zuri.

Nilisimama pale nikaielewa elimu yote kwa mara moja. Mtoto wa dada yangu ana roho, kwa hiyo asililiwe. Mbwa hana, kwa hiyo anunuliwe maua. Na nilielewa jambo jingine, baya zaidi: kwamba kama mwanamke huyu angeyaamini kweli maneno yake, kama yangekuwa yameshuka hata mara moja kutoka kwenye kile kitunguu cha rangi yakafika tumboni mwake, asingeweza kumwambia mtu yeyote kwa urahisi ule, Jumatano asubuhi, kwa kalamu nzuri. Kwake ilikuwa mazungumzo ya kunywea chai. Sisi ndio tuliokwenda kuyatenda. Nilivua aproni, nikaitundika kwenye msumari, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikateremka mpaka kwenye robot, taa za magari za barabara kuu, nikapanda taxi. Sikurudi tena, hata kuchukua sweta langu.

Dada aliniuliza mbona nimerudi mapema. Hapa ndipo ningeweza kuacha kuandika, na msomaji angebaki na picha nzuri ya msichana aliyevua aproni. Nilimwambia kazi imeisha, yule mama anahama. Akasema "sharp, utapata nyingine," akaendelea kusuka. Nilitaka kumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho, akishakula, halafu akishaganduka, halafu nikafikiri kwamba labda amekwishasahau, na kumkumbusha ni ukatili. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Kumwambia kwamba yale maneno ni upuuzi ilikuwa sawa na kumwambia kwamba nilimnyang'anya kilio chake bure, na mimi ndiye niliyesoma. Miaka ikapita. Nilijifunza kushona, nikaolewa, nikafungua duka. Dada na Déo hawakupata mtoto mwingine. Walibaki South Beach, fleti ileile, ghorofa ileile, ingawa jengo limechakaa na lifti inakwama. Déo alipata kazi Joburg mara tatu na mara tatu Dada alikataa, akasema hawezi kuishi mbali na bahari. Sijawahi kumwona ufukweni.

Basi Jumanne ile, baada ya kuharibu suruali ya watu, nilifunga duka. Sikwenda kwenye sebule ya Miss Audrey. Nilikwenda South Beach. Nilipanda ngazi ghorofa tisa nikiwa na hasira nzuri, hasira iliyonyooka, na nilitaka kuigawana na mtu. Dada alikuwa mezani anachambua mchele. Amenenepa sasa, anavaa miwani, bado ana ule utani. "Ona fundi," akasema, "leo wateja wamevaa kaptula wote?"

"Dada, yule mwanamke wa Overport amekufa."

Vidole vyake vilisimama ndani ya mchele. Nilingoja aseme afadhali, au aseme nani, au Mungu amrehemu.

"Lini?"

"Leo alfajiri. Saa kumi na moja."

"Donc mpaka Ijumaa jioni," akasema. "Saa kumi na moja."

Hakuhesabu kwa vidole. Alilisema upesi, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa, na ile hasira yangu nzuri ikaisha. Nikavuta kiti nikakaa.

"Godé, ulipata kumuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

Alisogeza sinia la mchele pembeni. Alitazama mikono yake. "Siku ya pili niliingia bafuni. Nilifungua bomba zote mbili, ya beseni na ya kuogea. Nikauma taulo. Nililia, Godé. Nilisema maji yatafunika. Ndiyo nataka kujua. Mama akilia na maji yanatoka, ile sauti inafika kwa mtoto, ao haifiki?"

Nilianza kuokota punje za mchele zilizoanguka mezani.

"Nilitaka kukuuliza siku ileile," akasema. "Lakini wewe ulikuwa mlangoni unahangaika na watu, nikaona nikikuambia utajua nimeharibu. Halafu ukaacha kazi. Nikasema, bon, sasa nani atamuuliza. Na hakurudi. Mwaka wa kwanza, wa pili, hakurudi. Nikajua iko ile bafu. Mais nikasema labda anachelewa tu, labda iko inamuchukua muda, na Déo anataka twende Joburg. Sasa akija, akute tumehama?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, mbwa, vigae, taulo la vyombo, shimo chini ya mparachichi. Nilimwambia hakuna sauti iliyofika popote, hakuna alichoharibu, hapakuwa na mkanda wala siku tatu na nusu, kulikuwa na bibi kizee na vitabu vyake, na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia na hakunikatiza. Alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Mbwa alikufa mwezi gani?"

"Wa sita."

"Miezi miwili tu baada ya kumuzika." Aliikunja ile miwani. "Na wewe ukaacha kuamini siku ile."

"Siku ile."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia, Dada."

Nilikuwa na sababu zangu, miaka ishirini na sita ya sababu. Laiti angenipiga. Aliinuka kwa kushikilia ukingo wa meza, maana magoti yanamsumbua, akapita nyuma ya kiti changu bila kunigusa, akaingia bafuni. Hakufunga mlango. Nilikaa nikitazama mchele, nikingoja kusikia bomba. Halikufunguliwa. Kilichosikika kwanza kilikuwa kidogo, kama mtu anayekohoa, kisha akaliita jina la mtoto, kwa sauti yote, kama wanavyoita wanawake wakishuka kwenye lifti. Nikaenda kwenye mlango wa mbele, ule niliousimamia. Nikaufungua, nikauacha wazi.